Wizi wa mizigo ya biashara nchini Tanzania: kwa nini hukumu hutenguliwa katika rufaa

Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa katika masoko yetu hupita katika nchi jirani ya Tanzania kabla ya kufika Burundi. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupakiwa kwenye malori, kisha husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi mpakani Kabanga na Kobero. Nyingine huenda kwa reli hadi Kigoma na kuvushwa kwa meli katika Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Katika njia ndefu kama hiyo lakiri hukatwa, turubai huchanwa, lori huegeshwa usiku mahali pasipofaa, na asubuhi hesabu ya katoni haitimii. Mwizi akikamatwa katika ardhi ya Tanzania, hushtakiwa huko kwa sheria za huko, na mfanyabiashara wa Buyenzi au wa Rumonge hujikuta akifuatilia kesi katika mfumo wa mahakama usiofanana na ule anaoujua nyumbani.

Kinachowashangaza wengi zaidi ya kesi yenyewe ni rufaa. Mtu aliyekutwa na bidhaa, akatiwa hatiani na kufungwa, huonekana baadaye akitembea huru kwa amri ya mahakama ya juu. Mwenye mali husema papo hapo kwamba jaji amehongwa. Maneno ya rushwa hayakosekani panapokuwa na hasara. Hata hivyo, hukumu za mahakama za juu za Tanzania huchapishwa na kusomwa bila malipo katika tovuti ya TanzLII, na anayezisoma kwa utulivu ataona sababu nyingine ikijirudia: mali haikutambuliwa ipasavyo, au karatasi zilizopaswa kuifuata hazikuandikwa, au ziliandikwa lakini zikaingizwa mahakamani vibaya. Kesi za namna hiyo huwa zimekwisha kupotea tangu siku bidhaa zilipokamatwa. Jaji wa rufaa hutangaza tu jambo lililokwisha kutokea.

Kosa na adhabu yake

Wizi umewekwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania. Kwa wizi wa kawaida, adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 7. Lakini sheria hiyo imeweka daraja la pekee kwa mali inayoibwa kutoka katika chombo cha usafiri, au mahali pa kuhifadhia mizigo iliyo safarini kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Hapo kifungo chaweza kufika miaka 10. Miaka 10 pia ndiyo kikomo kwa mtumishi anayemwibia mwajiri wake, kwa wakala anayeiba alichokabidhiwa, na kwa anayepokea mali huku akijua kwamba ni ya wizi. Wezi wakitumia silaha kumteka dereva, kosa hugeuka kuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30.

Sheria haidai kwamba mwenye mali awe lazima ndiye aliyeinunua. Msafirishaji au mwenye ghala aliyekabidhiwa mzigo huhesabiwa kuwa na umiliki wa namna yake kwa muda ule, na wizi waweza kutajwa kuwa umetendwa dhidi yake. Jambo hili lina manufaa kwa mfanyabiashara aliye mbali, kwa kuwa mashtaka yaweza kuanza kabla yeye hajavuka mpaka. Haliondoi, hata hivyo, haja ya mtu anayeweza kusimama kizimbani na kusema, kwa sababu zinazoeleweka, kwamba bidhaa zile ni zilezile.

Nani anaruhusiwa kukata rufaa

Hapa ndipo msikilizaji wa Burundi anapaswa kusikiliza kwa makini, kwa sababu desturi ya kwetu, iliyotokana na sheria za Kibelgiji, humwezesha aliyedhurika kuingia katika kesi ya jinai akiwa upande unaodai fidia. Tanzania imerithi mfumo wa Kiingereza. Huko kesi ya jinai ni baina ya Jamhuri na mshtakiwa. Mwenye mali ni mlalamikaji na shahidi. Akimaliza kutoa ushahidi, amemaliza. Mshtakiwa akiachiwa huru, mwenye mali hana haki ya kukata rufaa kwa jina lake katika kesi hiyo iliyoendeshwa na Jamhuri. Mwenye haki hiyo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ofisi yake ndiyo inayosimamia mashtaka ya jinai nchini humo.

Muda wenyewe ni mfupi. Mtu aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hupaswa kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha sababu zake Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku zinazotumika kusubiri nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri hazihesabiwi. Aliye gerezani hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye huzipeleka mahakamani. Mkurugenzi wa Mashtaka, asiporidhika na kuachiwa kwa mshtakiwa, hupewa siku 30 za kutoa taarifa na siku 45 za kuwasilisha rufaa. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeona kwamba hukumu imekwenda kombo hana miezi ya kutafakari. Anachoweza kufanya ni kuiandikia mapema ofisi ya mashtaka ya mkoa husika, akieleza hoja zake, na uamuzi wa kukata au kutokata rufaa hubaki kwa ofisi hiyo.

Aliyekiri kosa mbele ya hakimu naye hufungiwa mlango. Sheria humruhusu kulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili, au kulitokana na kutoelewa, au kwamba maelezo aliyoyakubali hayafanyi kosa lolote kisheria. Dereva wa kigeni aliyejibu "ndiyo" katika lugha asiyoimudu aweza kuingia katika fungu hilo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya kutolea haki katika mahakama za Tanzania, ingawa Kiingereza bado hutumika inapobidi, na hukumu nyingi za mahakama za juu zingali zikiandikwa kwa lugha hiyo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kutoka Burundi hiyo ni nafuu ya kweli. Dereva anayejua Kirundi pekee anapaswa kuomba mkalimani tangu siku ya kwanza.

Ngazi mbili, macho mawili tofauti

Rufaa ya kwanza huenda Mahakama Kuu, yenye masjala katika kanda mbalimbali, ikiwemo Kigoma. Rufaa hii si ukaguzi wa juujuu. Kanuni iliyowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika uamuzi wa mwaka 1972, na inayofuatwa hadi leo Tanzania na Kenya pia, ni kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Jaji husoma maneno yaliyoandikwa na hakimu. Lisiloandikwa, kwake halikusemwa.

Kutoka hapo, mwenye kushindwa huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika. Taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30, na shauri husikilizwa na majaji watatu. Ngazi hii ya pili huangalia masuala ya sheria. Majaji hawaingilii kwa urahisi mambo ambayo mahakama mbili za chini zimeafikiana kuwa ndiyo yaliyotokea, isipokuwa waone kwamba ushahidi ulieleweka vibaya au kanuni ya sheria ilivunjwa. Ukali wa adhabu peke yake si hoja mbele yao.

Baadhi ya wafanyabiashara wetu hudhani kwamba kuna ngazi nyingine zaidi, yaani Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, kwa kuwa Burundi ni mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 2007. Mahakama hiyo hutafsiri Mkataba wa Jumuiya. Haipokei rufaa za wizi.

Bidhaa zinafanana

Tuchukue mfano. Robota za vitenge zilizonunuliwa Guangzhou zinapungua njiani, na siku tisa baadaye polisi wanakuta robota kumi na mbili za vitenge vya namna ileile katika stoo ya muuza nguo mjini Kahama. Mwenye mali anapigiwa simu, anafika, anaonyeshwa robota zile na kusema, "Hizi ni zangu." Muuza nguo anajibu kwamba alizinunua kwa mchuuzi aliyepita na gari. Hakimu anamtia hatiani. Mrufani anakwenda Mahakama Kuu akiwa na hoja moja tu: vitenge hivi vinauzwa katika kila mji kutoka Dar es Salaam hadi Goma; nani amethibitisha kwamba hivi ndivyo vilivyoibwa?

Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Sheria ya Tanzania inakubali kwamba mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni, akashindwa kutoa maelezo yanayoingia akilini, aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Kanuni hiyo ndiyo mhimili wa kesi nyingi za mizigo, kwa kuwa ni nadra mtu kumwona mwizi akikata turubai usiku wa manane. Lakini Mahakama ya Rufani imeiwekea masharti manne, nayo hayana budi kutimia yote. Mali iwe imepatikana kwa mshtakiwa. Iwe imethibitishwa kuwa ni ya mlalamikaji. Iwe imeibwa karibuni. Na iwe ndiyo ileile iliyotajwa katika hati ya mashtaka.

Sharti la pili ndilo linaloangusha kesi. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1967 ulieleza utaratibu ambao mahakama za Tanzania zimeurudia tangu wakati huo: anayedai mali aieleze kwanza, alama zake na sifa zake za pekee, kabla ya kuonyeshwa. Maelezo yakitangulia, na mali ikaja ikalingana nayo, utambuzi una uzito. Mali ikitangulia na maneno yakafuata, mtu yeyote mwenye macho aweza kusema alichokiona. Katika mfano wetu, polisi walimwonyesha mwenye mali robota kabla ya kumuuliza chochote. Kosa hilo la dakika tano haliwezi kufutwa na wakili yeyote miaka miwili baadaye.

Alama zenyewe hutofautiana kwa namna ya bidhaa. Simu ya mkononi ina namba yake ya IMEI; betri, televisheni na pikipiki zina namba za kiwanda. Mwenye orodha ya namba hizo, iliyoandaliwa kabla ya wizi, ana silaha kubwa. Sukari, mchele, saruji, mafuta ya kupikia na vitenge havina namba ya kila kimoja. Hapo mwenye mali hutegemea alama ya mzigo iliyopigwa kwenye gunia au katoni, namba ya toleo la kiwanda, rangi ya uzi ulioshonea, au jina la mwagizaji lililoandikwa kwa wino. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na desturi ya kupiga muhuri wao kwenye kila robota, na wengine waliiacha kwa kuona kwamba ni kazi ya bure. Mbele ya jaji wa rufaa si ya bure hata kidogo. Wezi nao wanalijua hilo, ndiyo maana katoni huchanwa mapema na mchele ukamiminwa katika magunia mengine.

Neno "karibuni" nalo halina idadi ya siku iliyoandikwa katika sheria. Hupimwa kwa wepesi wa bidhaa kupita mikononi mwa watu. Trekta lililoibwa miezi mitatu iliyopita laweza kuhesabiwa kuwa limeibwa karibuni. Katoni ya sigara yaweza kupita mikononi mwa watu watano katika wiki moja. Siku tisa za vitenge Kahama, mji wa biashara ulio njiapanda, zaweza kujadiliwa pande zote mbili.

Tena, mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba maelezo yake ni ya kweli. Yatosha yawe yanaweza kuwa ya kweli. Akileta risiti, au akamtaja aliyemuuzia na polisi wasimtafute, shaka humwangukia yeye kwa faida yake. Hii ndiyo sehemu ambayo wenye mali huiona kuwa ni kuwapendelea wezi. Lakini msikilizaji na ajiweke upande wa pili kidogo: muuza nguo wa Kahama aliyenunua bidhaa kwa nia njema, na ambaye stoo yake imejaa vitenge visivyo na alama kama vya jirani yake, angelindwa na nini kama si kanuni hiyo? Wafanyabiashara wetu wenyewe hununua mzigo kwa watu wasiowajua. Mlinzi wa ghala na utingo wa lori nao hukamatwa kwa sababu tu walikuwa zamu usiku ule, na mahakama za Tanzania zimesema mara nyingi kwamba shuku, hata ikiwa kubwa namna gani, haiwezi kusimama mahali pa ushahidi.

Karatasi zinazoandamana na mali

Polisi wanapopekua na kukamata mali, sheria inawataka kutoa hati inayoorodhesha vilivyokamatwa, ikiwa na saini ya mwenye nyumba na ya mashahidi waliokuwapo. Shahidi huru, asiye polisi wala jamaa wa mlalamikaji, ana thamani kubwa. Mara nyingi huwa ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Upekuzi uliofanyika bila kibali pasipokuwa na dharura, au bila shahidi huru, hupewa mrufani kama zawadi.

Baada ya kukamatwa, mali huanza safari ya pili: kutoka stoo hadi kituo cha polisi, kutoka kwa askari mmoja hadi mtunza vielelezo, na hatimaye mahakamani. Mahakama ya Rufani ilieleza, katika rufaa iliyofunguliwa mwaka 2007, kwamba safari hiyo inapaswa kuonekana katika maandishi kwa mfuatano wa tarehe: nani alikamata, nani alipokea, nani alitunza, nani alileta. Kiungo kimoja kikikosekana, mtu hujiuliza kama robota iliyoletwa mahakamani ndiyo iliyotoka Kahama. Baadaye mahakama hiyo iliilegeza kanuni kwa vitu ambavyo si rahisi kubadilishwa au kuharibiwa. Pikipiki yenye namba za injini haileti shaka ileile inayoletwa na gunia la sukari. Kwa bidhaa za jumla zisizo na namba, ni busara kuihesabu kanuni kuwa bado ina makali yake yote.

Kuna mtego mwingine ambao humshangaza hata mtu aliyesoma. Hati haiwi ushahidi kwa kuwa imo katika jalada. Shahidi anayefaa huieleza, mshtakiwa huulizwa kama anaipinga, hakimu huipokea kuwa kielelezo, na baada ya hapo husomwa kwa sauti ili mshtakiwa asikie kilichoandikwa. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliotolewa mwaka 2003 uliukazia utaratibu huo, na tangu hapo hati nyingi za ukamataji, maelezo ya onyo na ankara zimefutwa katika kumbukumbu za kesi kwa sababu tu hazikusomwa baada ya kupokelewa. Ankara ikifutwa, mwenye mali hubaki na mdomo wake. Wakati mwingine mdomo hutosha, iwapo aliyashuhudia mambo mwenyewe na kuyaeleza kwa ukamilifu.

Nyaraka za mzigo uendao Burundi huja katika lugha mbalimbali: ankara ya Kichina, hati ya shehena ya Kiingereza, tamko la forodha lenye Kifaransa. Isiyosomeka mahakamani inahitaji tafsiri inayokubalika, na tafsiri hiyo hutafutwa kabla ya siku ya kusikilizwa. Zaidi ya hayo, idadi na thamani katika karatasi hizo zinapaswa kulingana na hati ya mashtaka. Hati ikisema robota 15 na shahidi akasema 12, au tarehe ya wizi ikatofautiana, mwendesha mashtaka anapaswa kuomba kuirekebisha kabla ya hukumu. Asipofanya hivyo, tofauti hiyo humfuata hadi katika rufaa. Mfanyabiashara aliyeshusha thamani ya mzigo katika ankara ili apunguze ushuru hujikuta hapa katika aibu ya pekee, kwa kuwa hasara anayoidai haifanani na thamani aliyoitangaza.

Maelezo ya kituoni

Katika kesi za malori, ushahidi mzito mara nyingi ni maelezo ya onyo ya dereva au utingo yaliyoandikwa polisi. Sheria inataka yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu kukamatwa, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu uliowekwa. Muda wa safari kutoka alipokamatwa hadi kituoni hauhesabiwi. Yaliyochukuliwa siku ya tatu bila nyongeza hukataliwa. Mshtakiwa akiyakana maelezo yake mahakamani, hakimu hujionya na kutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Na ikiwa utingo amemtaja dereva, mahakama haiwezi kumtia dereva hatiani kwa kutegemea maelezo hayo peke yake. Kesi ambayo uzi wake wote umefumwa kwa maneno ya kituoni huwa imefumwa kwa uzi mwembamba.

Je, kesi yaweza kuanzishwa upya?

Swali hili huulizwa na kila mwenye mali aliyesikia kwamba hukumu imetenguliwa. Mahakama ya rufaa ina njia kadhaa: kuitupa rufaa, kuifuta hukumu na kumwachia mrufani, kupunguza adhabu, kubadili kosa, kwa mfano kutoka wizi kuwa kupokea mali ya wizi, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Njia hii ya mwisho ina mpaka uliochorwa mwaka 1966 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Kesi husikilizwa upya pale ambapo mwenendo wa kwanza ulikuwa batili au wenye kasoro ya kisheria, na haki ikidai hivyo. Haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kama mwenye mali hakutaja alama, hatapewa siku nyingine ya kuzitaja.

Si kila kasoro humfungua mrufani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema hukumu isitenguliwe kwa kosa dogo la utaratibu ambalo halikusababisha haki kupotea. Hivyo mawakili wa pande zote mbili hutumia muda mrefu wakibishana kama kasoro fulani iligusa haki au ilikuwa ya maandishi tu. Mrufani naye, wakati mabishano hayo yanaendelea, kwa kawaida yu gerezani: dhamana ya kusubiri rufaa hutolewa kwa nadra, kwa mtu aliyeonyesha kwamba rufaa yake ina matumaini makubwa ya kufaulu. Wapo walioachiwa huru baada ya kutumikia sehemu kubwa ya kifungo ambacho hawakustahili.

Mali na hasara

Bidhaa zilizokamatwa hubaki chini ya ulinzi kwa kuwa ni vielelezo. Zile zinazoharibika upesi, kama mchele, unga au matunda, mahakama inaweza kuamuru ziuzwe au zishughulikiwe mapema, na mwenye mali anayelijua hilo huomba mara moja badala ya kungoja hukumu hadi panya wamalize kazi. Mwishoni mwa kesi hakimu anaweza kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe, au aliyehukumiwa alipe fidia. Hukumu ikitenguliwa kwa sababu mali haikuthibitishwa kuwa ya mlalamikaji, amri hizo nazo hupoteza msingi wake, na robota zile zaweza kurudi Kahama.

Kuhudhuria ni gharama. Mfanyabiashara anayeitwa Kahama au Morogoro kutoa ushahidi hulipa nauli, hulala hotelini, na huenda akaambiwa kwamba shauri limeahirishwa. Wengi huchoka katika safari ya pili, na kesi huendelea bila shahidi wa utambuzi. Tangu mwaka 2021 mahakama za Tanzania zina kanuni zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao, na ombi la kutoa ushahidi kwa video laweza kupelekwa kupitia mwendesha mashtaka. Wakala wa forodha aliyehakiki mzigo bandarini, akaandika alama na namba za lakiri, naye anafaa kuwa shahidi, pengine kuliko tajiri aliyeuona mzigo katika picha ya simu tu.

Kuachiwa kwa mshtakiwa katika rufaa ya jinai hakufuti madai ya mfanyabiashara dhidi ya msafirishaji aliyekabidhiwa mzigo, wala dhidi ya kampuni ya bima. Madai hayo ni ya kesi ya madai, ambayo kipimo chake cha ushahidi ni chepesi: mahakama huangalia upande upi una uzito zaidi, bila kudai uthibitisho usioacha shaka. Lakini saa yake ni tofauti na ile ya kesi ya jinai. Chini ya Sheria ya Ukomo ya Tanzania, madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na yale ya uzembe au madhara yasiyotokana na mkataba ndani ya miaka 3, kuanzia siku haki ya kudai ilipozaliwa. Miaka hiyo haisimami kungoja rufaa ya jinai iishe.